Tupeane uzoefu: miksa ya kukandia mkate nyumbani, ipi inadumu?

Mama Boflo

Wapendwa, uzi huu ni wa wanaooka mkate nyumbani kila wiki na wanataka mashine ya mezani itakayokaa miaka. Keki tuziache pembeni. Kupiga siagi na mayai hakuui mashine, kinachoiua ni donge la ngano. Ukichangia, taja aina ya mashine, uzito wa unga, maji, mwendo, dakika, na kipi huharibika.

Ili tuelewane tuwe na kipimo kimoja: unga wa ngano gramu 500, maji gramu 310, hamira ya chenga gramu 5, chumvi gramu 9, sukari gramu 20, siagi gramu 25. Hiyo inajaza bati moja kubwa, tuiite mkate mmoja. Familia kubwa inataka miwili kwa mpigo, yaani unga kilo nzima, na hapo ndipo mashine nyingi za nyumbani huanza kulia.

Msimamo wangu ni kwamba wati za mota na lita za bakuli zisikuchagulie mashine. Angalia gia, uzito wa mwili wake, na spea zake kama zinapatikana ulipo.

Fundi Gia

Dada, hapo kwenye wati nikazie. Wati zilizoandikwa kwenye kibao ni umeme unaovutwa ukutani, si nguvu inayofika kwenye ndoano ya kukandia. KitchenAid ya kichwa cha kuinua imeandikwa wati 300 hivi na inakanda mkate, wakati mashine isiyo na jina imeandikwa 1500 na inakwama kwa donge hilohilo. Mota ya kaboni, yaani yenye vipande vya kaboni vinavyoupitisha umeme hadi sehemu inayozunguka, huzunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika, kisha gia zinaushusha mwendo hadi 60 au 100 pale kwenye ndoano. Gia ndizo zinazogeuza mbio kuwa nguvu. Zikiwa za plastiki nyembamba, mota kubwa itazing'oa meno haraka zaidi.

Jambo jingine wengi hawalijui. Feni ya kupoza mota imefungwa kwenye shafti ya mota yenyewe. Ukikanda mwendo wa kwanza, mota inavuta mzigo mkubwa huku feni yake inazunguka polepole, kwa hiyo joto linajaa ndani. Ndiyo maana mashine huzimika dakika ya saba na haikuzimika ulipopiga krimu robo saa. Dawa si kuongeza mwendo. Ukiongeza, joto la mota linapungua kidogo lakini gia na shingo ya mashine vinapata kipigo. Dawa ni kupunguza unga, na kuukanda kwa vipande: dakika 4, pumzika 10, dakika 4.

Ikizimika yenyewe, zima swichi, chomoa, iache nusu saa. Kinga ya joto itajirudisha. Kuibonyezabonyeza ikiwa moto ndiko kunakounguza koili, yaani nyaya zilizosokotwa ndani ya mota.

Siti wa Ngano

Fundi, tupe kiasi. Bakuli la lita 5 libebe unga kiasi gani?

Fundi Gia

Kwa anayekanda kila wiki, gramu 130 hadi 150 za unga kwa kila lita ya bakuli. Lita 5 ni gramu 650 hadi 750. Vijitabu vingi hutaja zaidi ya hapo, nayo mashine itabeba, ila kubeba mara moja na kubeba kila Jumamosi ni vitu viwili. Maji yakishuka chini ya asilimia 60 ya uzito wa unga, punguza tena robo. Donge la maandazi magumu au la chapati lina kazi kubwa kwa gia kuliko la mkate laini wa asilimia 68, hata kama uzito ni uleule.

Mwokaji wa Pwani

Nizungumzie KitchenAid kwa kuwa ndiyo inayotamaniwa na wengi. Ziko za aina mbili: ya kuinua kichwa, na ya kupandisha bakuli kwa mkono wa pembeni. Kwa mkate chagua ya kupandisha bakuli. Ile ya kichwa ina pini ya bawaba nyuma ya shingo. Donge gumu linakisukuma kichwa juu na chini, pini inalegea na kuanza kuchomoza pembeni. Irudishe ndani, kisha kaza ile skrubu ndogo inayoibana. Ukiiachia, tundu lenyewe linapanuka na hapo hakuna skrubu itakayosaidia.

Mtengenezaji mwenyewe anakataza donge la hamira kupita mwendo namba 2. Si maneno ya kujikinga. Ndani kuna gia moja inayozungushwa na shafti yenye uzi wa skrubu, na gia hiyo imetengenezwa laini makusudi ili ife yenyewe kabla ya mota. Dalili zake: mota inavuma vizuri, ndoano imesimama au inaruka kwa mlio wa tak-tak-tak. Watu wanaitupa mashine hapo, kumbe tatizo ni kipande kimoja kinachouzwa peke yake.

Kuibadilisha ni kazi ya alasiri moja. Chomoa umeme. Gonga pini ndogo inayoshika kichwa cha sayari, yaani ile sehemu ya chini inayozunguka na ndoano yake, kisha ukivute chini kwa bisibisi mbili pande zote. Fungua skrubu zilizo chini, nyingine zimezunguka hapo ulipotoa sayari na nyingine ziko upande wa nyuma, halafu inua mwili wa juu wenye mota. Kwangua grisi yote ya zamani, maana imechanganyika na unga wa chuma kutoka kwenye meno yaliyokufa. Ukiiacha itasaga gia mpya. Kagua meno ya shafti kwa kidole, weka gia mpya, gasketi mpya, na grisi inayoruhusiwa kwa mashine za chakula. Grisi ya beringi za gari isiingie humo, kwa sababu bakuli liko chini yake moja kwa moja.

Ukiona mafuta ya rangi ya kahawia yakidondokea kwenye donge, usikimbilie kusema mashine imekufa. Grisi iliyokaa bila kutumika hujitenga, mafuta yakashuka. Fuata njia hiyohiyo: fungua, safisha, jaza upya.

Bint Arusha

Na Kenwood? Huku kwetu ndiyo iliyo majumbani tangu enzi za bibi.

Fundi Gia

Kenwood Chef ilitoka Uingereza mwaka 1950, na ina faida moja kubwa kwetu: ile ya Uingereza imetengenezwa kwa umeme wa huku na plagi ya pini tatu za bapa. Iliyotumika ikitoka kule unaichomeka moja kwa moja Dar, Nairobi, Kampala au Muscat.

Mota inazungusha gia kwa mkanda wenye meno. Mkanda ukichoka utasikia mruko ukizidisha unga, na kuubadilisha ni rahisi. Ugonjwa wa zile za zamani, hasa modeli za A701A na A901, uko kwenye saketi ya mwendo. Moshi mweupe wenye harufu kali unatoka, mwenye mashine anadhani mota imeungua. Mara nyingi ni kapasita iliyopasuka kwa uzee. Dalili nyingine ni mashine kuwaka kwa mbio za mwisho hata ukiiweka namba 1: hapo swichi ya elektroniki, triaki, imekufa. Fundi wa redio anaweza kubadilisha kapasita, rizista na triaki kwa pamoja. Mpe maelekezo abadilishe zote, si ile iliyopasuka tu, kwa sababu umri wao ni mmoja.

Miguu ya mpira ya zile za zamani huyeyuka ikawa kama lami. Badilisha kabla ya kukanda, maana mashine inayoteleza hutembea hadi ukingoni.

Mtoto wa Mji Mkongwe

Wakuu walioko Marekani wanaotaka kuleta mashine nyumbani: ya kule ni volti 120. Ukiichomeka kwenye 230 hapa inaungua papo hapo, na adapta ya plagi haibadilishi volti hata chembe. Utahitaji transfoma ya kushusha, na ukubwa wake uwe angalau mara mbili ya wati za mashine. Ya wati 300, chukua transfoma ya 750 au 1000, kwa kuwa donge likikaba mashine huvuta zaidi ya kibao chake.

Hezi 50 badala ya 60 haisumbui mota ya kaboni. Inasumbua mota ya indaksheni, isiyo na kaboni, iliyomo kwenye mashine za kibiashara kama Hobart N50: itazunguka polepole kwa moja ya sita na itapata moto zaidi. Hiyo usiilete. Na ukijumlisha transfoma na mzigo wa ndege, bei inakaribia ya mashine ya volti 230 iliyonunuliwa Dubai.

Siti wa Ngano

Donge langu linapanda kwenye ndoano hadi juu. Tatizo ni mashine?

Mwokaji wa Pwani

Mara nyingi ni donge, dada. Dogo mno kwa bakuli hilo, kavu mno, au mwendo mkubwa. Changanya unga na maji tu hadi pasibaki unga mkavu, funika, acha dakika 25. Ngano inanyonya maji na gluteni, yaani protini ya ngano inayovutika, inaanza kujifunga yenyewe. Ndipo utie hamira na chumvi, ukande mwendo wa kwanza, na siagi iingie mwishoni vipande vidogovidogo. Kwa njia hii dakika 10 za kukanda zinashuka hadi 5 au 6, na hizo ulizopunguza ni uhai wa gia.

Kama bado linapanda, tazama umbo la ndoano. Ile iliyopinda kama herufi C hulipandisha donge, ya msokoto hulisukuma chini. Halafu pima nafasi. Funga kile kipigio bapa, tia sarafu ndani ya bakuli, washa mwendo wa kwanza. Sarafu inatakiwa isogee kidogo tu kila kipigio kinapopita. Isiposogea, kiko juu mno. Ikizungushwa bila kukoma, kiko chini mno na kitakwangua bakuli. Skrubu ya kurekebisha iko shingoni chini ya bawaba kwenye aina ya kichwa. Igeuze robo mzunguko, jaribu tena.

Mama Boflo

Niongeze joto la donge, kwa sababu wa pwani tunaumizwa nalo. Mashine inapasha donge kwa msuguano. Likipita nyuzi 28 linanata, linalegea, mtu anaongeza unga, donge linakuwa gumu, mashine inalia. Lenga nyuzi 26. Kupata joto la maji ya kutia, zidisha 26 kwa 3 upate 78, toa joto la unga, joto la jiko, na 10 za msuguano. Dar unga 30, jiko 30: yanabaki maji ya nyuzi 8, yaani ya friji. Nairobi au Arusha asubuhi, 20 na 20: maji ya nyuzi 28. Baada ya kukanda chomeka kipimajoto kwenye donge. Kama limetoka 28, mashine yako ina msuguano wa 16, si 10, kwa hiyo kesho toa 16.

Bint Arusha

Kuna anayejua zile za Sweden ambazo bakuli ndilo linazunguka?

Mwokaji wa Pwani

Ankarsrum. Ilianza mwaka 1940 chini ya Electrolux. Mota iko chini, bakuli la lita 7 linazunguka, donge linabanwa kati ya rola na ukuta wa bakuli. Haina kichwa cha kuruka wala bawaba ya kulegea, na kwa anayekanda mikate mitatu kwa mpigo sijui iliyo bora kuliko hiyo. Ila ina utaratibu wake: maji kwanza, unga kidogo kidogo, na rola iachwe nafasi ya upana wa kidole kutoka ukutani. Ukimwaga unga kwanza utailaumu bure. Tatizo ni spea. Huku kwetu karibu kila kipande ni cha kuagiza.

Mashine za msokoto za Italia kama Famag zinakanda kuliko zote, donge halipati moto sana, lakini haziwezi kupiga mayai ya keki na uzito wake unapita kilo 25. Uwe na meza ya kuibeba.

Fundi Gia

Umeme nao. Volti zikishuka jioni hadi 180, nguvu ya mota inashuka kuliko volti zenyewe, donge linakaba ndoano, mkondo unapanda, koili zinapata moto. Kama taa zinafifia, kanda kwa mkono au subiri. Umeme ukikatika katikati, chomoa kwanza, ndipo utoe ndoano kwenye donge.

Anayekwenda kununua iliyotumika abebe unga gramu 500 na chupa ya maji gramu 300. Muuzaji anayekataa kuijaribu kwa donge, muache. Kabla ya kuwasha shika sayari kwa mkono, itikise pembeni: ikicheza sana, beringi au bushi zimekwisha. Tazama chini ya kichwa kama kuna mafuta. Fungua vifuniko vya kaboni pande mbili kama mashine inavyo. Kaboni fupi kuliko milimita 6 inatakiwa kubadilishwa, na hiyo ni sababu ya kupunguziwa bei, si ya kuikataa. Kisha kanda dakika 6 mwendo wa kwanza, weka kiganja juu ya mota. Uvuguvugu ni sawa. Ikichoma, au ukisikia harufu ya vanishi ya koili inayoungua, mrudishie mwenyewe na donge lake.