Eti sisi ni "nusu nusu"? Huyu mhadhiri leo amenivunjia heshima

Wakuu, ndiyo kwanza nimetoka darasani na mikono bado inatetemeka. Mnamjua ninayemsema, hana haja ya kutajwa. Yule anayefundisha uhasibu wa fedha kama vile pesa aliziumba yeye. Nimenyoosha mkono, nimeuliza swali kwa adabu zote, akanitazama kuanzia viatuni hadi nyweleni, akasema: "Ninyi wa biashara na kompyuta ni nusu nusu. Uhasibu hamjaujua, kompyuta hamjaijua."

Nusu nusu! Ukumbi ukacheka mpaka projekta ikatikisika.

Nusu ipi? Uhasibu tunasoma, uchumi tunasoma, takwimu, sheria za biashara, programu, kanzidata (ghala la taarifa kwenye kompyuta), vyote juu ya kichwa kimoja. Asubuhi nahangaika na urari, ile orodha ya kulinganisha jumla za pande mbili za hesabu, uliogoma kulingana, jioni nayapasua majedwali ya kanzidata hadi kila taarifa ikae mahali pamoja tu. Hiyo ni nusu?

Na swali lenyewe lilikuwa la maana! Leja ya pande mbili, yaani daftari la hesabu ambalo mtawa wa Italia, Luca Pacioli, alilieleza kwenye kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, inataka kila debiti (upande wa kushoto) iwe na krediti yake (upande wa kulia). Muamala wa kanzidata nao ni hivyo hivyo: ziandikwe zote mbili au isiandikwe hata moja. Umeme ukikatika katikati, mfumo unafuta kilichoanzwa na hesabu inabaki salama. Nikauliza, kwa nini zoezi hilo tusilifanye kwenye kompyuta, badala ya kuchora akaunti za herufi T mpaka vidole viote sugu? Jibu la msomi mzima: nusu nusu. Mbele za watu!

Kiti cha Nyuma: Nilikuwepo. Mleta uzi hasemi kwamba swali lake lilikuwa refu kuliko kipindi. Pacioli mwenyewe angeomba ruhusa atoke.

Mleta uzi: Urefu wa swali hauhalalishi tusi. Ameniita nusu nusu, mbele ya ukumbi mzima!

Urari Umegoma: Pole mkuu. Ila ile leja yako ya wiki jana, upande wa krediti ulikuwa mweupe kabisa. Labda ndiyo nusu aliyoiona.

Binti Takwimu: Huyo wenu ana nafuu. Wetu wa programu anatutungia mtihani wa kuandika programu kwa kalamu! Ukisahau nukta-mkato, alama zinaondoka. Kompyuta ingeniambia kosa liko mstari gani, karatasi imenyamaza tu.

Kiti cha Nyuma: Usinikumbushe! Alinikata kwa sababu nilianza kuhesabu orodha kwenye 1 badala ya 0, ambako lugha yake ya programu huanzia. Orodha nzima ikahama.

Nabeba Kikundi: Nyote mna raha. Kazi ya kikundi nimeifanya peke yangu, wengine wameleta majina. Siku ya kuwasilisha mmoja akaniuliza, mbele ya msahihishaji, kanzidata ni kitu gani.

Urari Umegoma: 😂😂 Mbele ya msahihishaji?

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye uzi. Nusu nusu! Hivi hakuna anayeona uzito wa neno hilo?

Binti Takwimu: Nabeba Kikundi, huyo wa kanzidata yuko kikundi gani muhula huu? Nijue pa kukimbilia.

Nabeba Kikundi: Njoo pembeni nikutajie. Yupo kwenye chako.