Banda la gari limekuwa stoo, gari linalala nje. Nishaurini

Mama wa Tegeta:
Habari za jioni wanajukwaa. Mpaka 2021 nilikuwa nakodisha vyombo vya shughuli hapa Tegeta: viti, masufuria, hotpoti, maturubai. Nilipofunga biashara nikasema vikae kwenye banda la gari miezi miwili mitatu, mteja atapatikana. Mpaka leo vimo. Juu yake yameongezeka makochi ya marehemu mama mkwe, kabati lake la mninga, na mifuko 6 ya saruji iliyobaki tulipojenga ukuta. Gari letu, IST, linalala nje.

Siku zote nilijua nina stoo ya bure. Juzi wameiba saiti mira kwa mara ya pili, nikachukua daftari. Saiti mira mara mbili, 240,000. Kupiga rangi boneti na paa, maana jua limebabua mpaka rangi inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, 300,000. Fundi wa dawa ya mchwa, 90,000. Saruji nimeigusa jana, mifuko minne imekuwa jiwe. Na kinachoniuma kuliko vyote: nimenunua drili ya pili. Ya kwanza imo humohumo, ila kuifikia lazima nitoe viti 60.

Mume wangu anataka tupange fremu tuvihamishie huko. Kuuza roho inasita, viti vile ndivyo vilivyosomesha wanangu. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Fundi wa Bunju:
Pole sana dada. Kwenye daftari ongeza panya. Mizigo ikirundikana wanazaliana humo, usiku wanafuata joto la injini, wanatafuna waya. Nimeshaletewa gari lililogoma kuwaka, kufungua boneti nikakuta kiota cha vipande vya magunia juu ya betri.

Kama mna dumu la petroli ya jenereta humo ndani, litoe leo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni, cheche moja inatosha. Tena petroli iliyokaa miezi mingi inaziba kabureta. Na kama kuna tairi mmeliweka akiba, angalieni ile namba ya tarakimu 4 ubavuni: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Tairi linazeeka hata likiwa limelala.

Muuza vifaa vya ujenzi, Tanga:
Dada, saruji haiwekwi juu ya sakafu wala haiegemezwi ukutani. Unaipanga juu ya mbao. Huku pwani hewa peke yake inaigandisha mfuko ukiwa umefungwa. Hiyo miwili iliyobaki, pekecha kwa vidole: ikiwa laini itumie kwa kazi ndogondogo, lakini kwenye nguzo au zege usithubutu.

Bi Mkubwa wa Mbagala:
Mdogo wangu, fremu ukipata ya 80,000 kwa mwezi, mwaka ni 960,000. Hivyo viti na masufuria vyote ukiviuza leo vinafika hapo? Mwambie baba watoto akupigie hesabu hiyo kwanza. Viti mpe kijana anayeanza biashara, akulipe kidogokidogo. Vya marehemu msiviuze kwa haraka, vikagueni wote wawili, kimoja kimoja.

Mama wa Tegeta:
Ahsanteni sana. Jumamosi tumetoa kila kitu uani. Dumu la petroli lilikuwepo kweli, nyuma ya makochi, sikujua.

Kabati, mninga wenyewe mchwa hawakuugusa. Ila mgongo ni plaiwudi. Nilibonyeza kidole kikapenya, mkononi nikabaki na udongo. Droo ya chini zilikuwemo kanga za mama mkwe, doti tano, bado zimekunjwa kwa mkono wake. Tatu zimetobolewa. Mume wangu alizikunjua moja moja, akazisoma majina, akazirudisha kwenye mikunjo yake. Habari ya fremu hajaitaja tena.

Viti 40 amechukua kijana wa Boko, atalipa kwa miezi minne. Ishirini nimevipeleka msikitini, vitafaa misibani. Makochi yalishaoza sponji, tumeyatupa. Gari limeingia bandani jana usiku. Kabati liko sebuleni, fundi anakuja Jumatano kubadilisha mgongo.