Peter Thiel na pesa za vita: ni mtu wa kubandikwa ukutani?

Fundi Saa:
Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Mpwa wangu yuko mwaka wa pili chuoni, anasoma kompyuta, na ukutani kwake amebandika picha ya Peter Thiel, yule bilionea mwekezaji wa Marekani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mjomba, huyu anaona mbali." Nikaenda kumsoma. PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni aliyoianzisha na wenzake, iliuzwa kwa eBay mwaka 2002 kwa dola bilioni 1.5. Mwaka 2004 akaweka dola 500,000 Facebook ikiwa bado ya wanafunzi. Hapo sina neno, ni jicho la biashara. Lakini katikati, mwaka 2003, akaanzisha na wenzake Palantir, inayouza programu ya kuunganisha taarifa zilizotawanyika ili jeshi na majasusi wajue nani anahusiana na nani. In-Q-Tel, mfuko wa uwekezaji wa CIA, ulikuwa miongoni mwa waliotangulia kutia pesa. Baadaye mfuko wa Thiel mwenyewe, Founders Fund, ukawa nyuma ya Anduril, kampuni ya 2017 inayotengeneza droni na minara ya kulinda mipaka. Na mwaka 2019 Palantir hiyohiyo ikaingia mkataba na WFP, wale wanaopeleka chakula kwa wakimbizi, huku kwetu pia. Swali langu: mtu aliyetajirika kwa kazi hii ni wa kubandikwa ukutani?

Baharia Mstaafu:
Fundi, umeuliza ukiwa tayari na hukumu mfukoni. Mimi nimevaa magwanda miaka kumi na minane, naomba niseme ninachokijua. Askari wa Marekani waliokuwa Afghanistan ndio waliokuwa wakiiomba programu ile, iwasaidie kujua mabomu ya barabarani yanategwa wapi na nani. Wakubwa makao makuu wakang'ang'ania mfumo wao wenyewe uliokula mabilioni. Mwaka 2016 Palantir ikalishtaki jeshi, kwa sababu kuna sheria ya 1994 inayowataka waangalie kwanza kilichopo sokoni kabla ya kuanza kujitengenezea. Wakashinda. Kumshtaki mteja unayemtaka na bado ukapata kazi kwake, huo ni ujasiri. Kijana aache picha palepale.

Na hilo la WFP mnalitia chumvi. Mtu anayelishwa bure ana nini cha kuficha? Mwenye njaa haulizi kijiko kimetoka wapi.

Mwana wa Ruzizi:
Baharia, shikamoo. Mambo ya sheria ya 1994 nawaachia wenye kuyajua. Nina neno na hiyo sentensi yako ya mwisho.

Nimekulia kambini mkoani Kigoma, miaka tisa. Siku ya mgao tuliamka saa kumi alfajiri. Mama alibeba kadi ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya kitambaa, kitambaa kifuani, kwa sababu kadi ikilowa mmelala njaa. Unga, maharage, chumvi, na mafuta yaliyopimwa kwa kikopo. Mpimaji akiinua kikopo, watu arobaini wananyamaza kuangalia kama kimejaa. Unasema hatuulizi? Tuliuliza kila kitu. Tulijua mwezi upi gramu zimepunguzwa kabla tangazo halijabandikwa. Mwenye njaa ndiye anayeuliza kijiko kimetoka wapi, maana hana kingine.

Na neno "bure" naomba ulitazame tena. Sisi tulikimbia risasi.

Baharia Mstaafu:
Marahaba, kijana. Sikukutukana wewe wala mama yako. Nimesema kanuni: anayetoa ana haki ya kujua anampa nani. Ndiyo maana mwaka 2019 WFP walisimamisha sehemu ya misaada Yemen, pale Sanaa, kwa kuwa waliotawala kule walikataa watu wasajiliwe kwa alama za vidole na chakula kilikuwa kinaibwa. Usajili unamlinda mama kama wako dhidi ya wezi.

Mwana wa Ruzizi:
Sijakataa usajili. Nimekataa "ana nini cha kuficha". Hayo ni mawili.

Msomi wa Kahawa:
Tuweke rekodi sawa kabla hatujaumizana. Mkataba wa WFP na Palantir ulikuwa wa miaka mitano, nafikiri dola milioni 40 hivi. WFP walieleza kwamba ni wa mambo ya usafirishaji na ununuzi wa chakula, na kwamba taarifa za walengwa hazitakabidhiwa kwa kampuni.

Halima wa Makorora:
Ni milioni 45, Msomi. Na ungemalizia: mashirika zaidi ya 60 ya haki za binadamu yaliandika barua ya wazi kuupinga. Hoja yao haikuwa kwamba majina yameibwa. Ni kwamba hata ukifuta jina, bado magari, maghala na idadi ya magunia vinaeleza watu wako wapi na wanaelekea wapi. Ukijua gunia ngapi zimekwenda wapi, umeshajua kijiji kipi kimehama.

Lakini Baharia, na mimi sentensi yako imenichoma, na sijawahi kuwa mkimbizi. Mwaka 2019 tulipoambiwa tusajili laini upya kwa alama za vidole na namba ya NIDA, nilimpeleka mama kwa wakala. Mama kazi yake tangu utoto ni makumbi: anayafukia pwani, anayafukua, anayaponda, anasokota kamba. Vidole vyake ni laini kama kioo, mistari imekwisha. Kijana wa wakala akamwambia weka dole gumba, mashine ikakataa. Weka la pili, ikakataa. Akampangusa kwa kitambaa, akapaka mafuta kidogo, ikakataa. Watu nyuma yetu wakaanza kuguna. Mama akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwani mimi nimekosa nini?" Alikuwa analipia laini kwa pesa yake. Hakuna cha bure hapo. Kwa hiyo hili si la njaa wala la msaada.

Baharia Mstaafu:
Dada Halima, pole kwa mama. Lakini Thiel anaingiaje kwenye makumbi?

Halima wa Makorora:
Mzee, wewe ndiye uliyesema anayepokea hana haki ya kuuliza. Nimekujibu hapo.

Otieno K:
Mimi niko upande wa Baharia, na nitaeleza kwa nini. Mjomba wangu alikuwa kazini katikati ya Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, siku al-Qaeda walipolipua ubalozi wa Marekani. Alisikia kishindo cha kwanza, kidogo, akafanya walichofanya wengi siku ile: akaenda dirishani kuangalia. Bomu kubwa likamkuta uso ukiwa kwenye kioo. Tangu siku hiyo haoni. Watu zaidi ya 200 walikufa Nairobi, na 11 Dar. Nyinyi mnazungumza faragha. Mimi nimemshika mkono mjomba kumpeleka msalani tangu nikiwa darasa la tatu. Kama kuna mtu aliyeuza programu ambayo ingewaunganisha wale watu kabla, na atajirike.

Msomi wa Kahawa:
Pole sana, Otieno. Ila kuna jambo linaniumiza kila nikilikumbuka. Agosti 1997, mwaka mzima kabla, nyumba ya mmoja wa watu wa mtandao ule ilipekuliwa hapohapo Nairobi na Wamarekani pamoja na polisi wa Kenya, na kompyuta ikachukuliwa. Walikuwa nayo mkononi.

Otieno K:
Na hiyo ndiyo hoja ya Palantir yenyewe! Taarifa zilikuwepo, hazikuunganishwa. Umenisaidia.

Msomi wa Kahawa:
Au hapakuwa na mtu aliyeona Nairobi ni mahali pa kuhangaikia. Hilo programu hailitibu.

Otieno K:
Usiniambie mimi hilo, ndugu yangu. Usiniambie mimi.

Mzawa wa Kusini:
Samahani, kuna kitu hamjakigusa. Thiel alizaliwa Afrika Kusini, anajua makaburu walivyokuwa wakiwapangia Waafrika vitambulisho vya kutembelea. Alitakiwa awe wa kwanza kuogopa kazi hii.

Fundi Saa:
Alizaliwa Frankfurt, 1967. Baba yake alikuwa mhandisi wa kemikali aliyefanya kazi za migodi, wakaishi Johannesburg na Swakopmund, Namibia, enzi hizo ikiwa chini ya Afrika Kusini, karibu na mgodi wa urani. Kisha wakaenda kuishi Marekani akiwa na miaka kama kumi. Mtoto wa umri huo simhukumu kwa nchi aliyopelekwa.

Ndugu zangu, turudi kwenye swali. Mtu mmoja ameweka pesa kwenye programu za vita, ametoa zaidi ya dola milioni 10 kumsaidia JD Vance kuingia Seneti mwaka 2022, na sasa Vance ni makamu wa rais wa serikali inayonunua programu hizo. Agosti 2025 jeshi la nchi kavu la Marekani limeingia na Palantir makubaliano yanayoweza kufika dola bilioni 10 kwa miaka kumi. Uingereza nako, hospitali za umma ziliwapa mkataba wa pauni milioni 330 mwaka 2023. Anayeuza na anayeamua kununua wakikaribiana hivyo, nani atasema hapana?

Otieno K:
Bunge lao. Na wapiga kura wao. Sisi tuangalie ya kwetu: wako Wakenya wa Garissa walioandikishwa kama wakimbizi enzi za ukame ili wapate chakula, na walipotaka kitambulisho vidole vikasema wao si Wakenya. Maelfu. Hapo hakuna Palantir wala Thiel.

Mwana wa Ruzizi:
Otieno, asante kwa kulileta. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu asubuhi. Mtu aliweka kidole siku ya njaa, na kidole kikamsubiri miaka kumi mbele. Siku ile angeuliza, angeambiwa kama alivyosema Baharia.

Baharia Mstaafu:
Neno "bure" nalifuta. Halikuwa neno la kumwambia mtu aliyekimbia risasi. Kuhusu ile kesi ya 2016 na kuhusu askari kupewa kifaa kinachofaa, nimesimama palepale, wala sitasogea.

Mwana wa Ruzizi:
Nimepokea, mzee.

Fundi Saa:
Na mpwa wangu nimwambie nini?

Otieno K:
Halima, mama alipata laini?

Halima wa Makorora:
Alipata, siku ya tatu, kwa wakala mwingine. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile ambacho kwenye kusokota kamba hakiguswi sana. Siku hizi akifika penye mashine yoyote anakitoa hicho kwanza, kabla hajaambiwa.