Tupeane uzoefu: Dairekta Villeneuve alikuvuruga na muvi ipi, na kitabu ulikuwa umeshasoma?

Ukurasa wa Mwisho: Wakuu habari za jioni. Jana mdogo wangu alikuwa anaangalia Dune ya pili, mimi nimepita tu kuchukua chaja nikakuta pale Paul anamposa binti wa Kaizari huku mpenzi wake Chani kasimama anamtazama, nikajikuta nimekaa chini na chaja mkononi mpaka majina yanapita. Hasira zilezile za 2024 zikarudi. Kitabu cha Herbert nimekisoma mara mbili, nilienda ukumbini najua kila kitu, na bado yule Mkanada alinikuta sijajipanga. Leteni basi, ni muvi gani ya Villeneuve ilikuvuruga, na ulianza na kitabu au ulianza na muvi. Wale wa "mi sijawahi kuiona" piteni kimya kimya.

Naweka Kambi: Nimeshaweka kambi, endeleeni.

Kanda Imekwama: Nyie mlioanza na ya 2021 mmeanza na raha. Sisi tulianza na ile ya dairekta David Lynch ya 1984 kwenye kanda ya video, na kanda yetu ilikuwa inaishia pale Paul na adui yake Feyd, aliyeigizwa na mwanamuziki Sting, wanachomoa visu, hapo hapo inaingia mechi ya mpira maana kuna mtu alirekodi juu yake. Miaka na miaka mimi najua yule kijana na Sting bado wanapigana. Nimekuja kujua nani alishinda kwa kusoma kitabu. Halafu siku nikaipata muvi nzima nikakuta mwisho wake MVUA inanyesha Arrakis, ile sayari ya jangwa! Jamani. Kitabu kinasema maji ni sumu kwa minyoo, mnyoo akifa hakuna spaisi, ile bidhaa wote wanayoigombania, sasa jamaa kapigana vita vyote vile ili aje azamishe biashara yenyewe? Lynch mwenyewe aliikana ile kazi, toleo refu la TV alikataa jina lake lisiwekwe wakabandika Alan Smithee, lile jina la kubandika dairekta akisusa. Kwa hiyo mkimlalamikia Villeneuve mi nawasikiliza tu.

Mdomo Koma: Pamoja na mvua yake, Lynch alimweka Alia, mdogo wake Paul. Mtoto yuko pale, kavaa vazi lake, anammaliza Baroni, yule adui mkuu, kama kitabu kilivyosema. Villeneuve kamwacha tumboni muvi nzima anaongea na mama yake kama mtu aliyepiga simu kutoka mbali, na Baroni akauawa na Paul. Mnamsifia nini?

Ukurasa wa Mwisho: Mdomo Koma tulia. Kwenye kitabu inapita miaka kadhaa pale katikati ndo maana Alia anazaliwa na anatembea. Villeneuve kabana kila kitu kikaisha kabla mimba haijafika miezi tisa, sasa Alia angetokea wapi? Na kusema kweli mtoto wa miaka minne anaongea kama bibi kizee, kwenye karatasi inatisha, kwenye skrini watu wanacheka.

Mdomo Koma: Basi asibane. Nani alimtuma abane.

Robo Tatu: Mimi kilichoniudhi ni ile ya kwanza. Matangazo yote yameandikwa Dune, naingia, taa zinazimika, naona "Sehemu ya Kwanza". Dakika 155 baadaye Paul kamuua Jamis, tunapanda kilima, kwisha habari. Na wakati huo ya pili ilikuwa haijaruhusiwa hata kutengenezwa, studio walikubali siku chache baada ya ile kutoka Marekani. Yaani ingefeli tungebaki pale pale kilimani mpaka leo.

Panya wa Jangwani: Mimi niliaibika ukumbini kwa kucheka peke yangu. Wenzangu wanaona ni lugha ya ajabu ya sayari nyingine, mimi naisikia kama redio ya nyumbani. Lisan al-Gaib, wanavyomwita Paul, si lisani na ghaibu hizo? Ulimi wa ghaibu. Mahdi tunamjua. Usul, usuli. Halafu Muad'Dib, jina lingine la Paul, kwenye kitabu ni kapanya ka jangwani, ila neno lenyewe ni la Kiarabu, mwenye kuadibu watu, mwalimu mwenye fimbo. Stilgar, yule kiongozi wa watu wa jangwani, kila akifoka "Lisan al-Gaib!" mi nacheka, jirani yangu kaniangalia kama nimekunywa. Kilichonikera sasa, Herbert katumia neno jihadi kitabu kizima bila kuogopa, muvi wanasema "vita vitakatifu". Wameliogopa neno ila jangwa na majina yote wamechukua.

Naweka Kambi: Hapo kwenye kuadibu umenimaliza, sitaiangalia tena kwa macho yale yale.

Mkalimani Mchovu: Mnaongelea Dune tu, hakuna aliyepigwa na Arrival, ile muvi yake ya mwalimu wa lugha, Louise, na wageni wa anga? Mimi kazi yangu ukalimani. Kuna kikao niliwahi kukaa katikati ya pande mbili, neno moja nikalitoa kwa maana ya "sharti" kumbe mzee alimaanisha "ombi", watu wakanyanyuka kwenye viti, ikachukua saa nzima kuwarudisha. Sasa pale wale wageni wanapoandika "toa silaha" na dunia nzima inapandwa na presha, na Louise anasema huenda wanamaanisha kifaa tu, mimi viganja vililowa jasho kabisa. Nikaenda kutafuta hadithi yenyewe ya Ted Chiang ya 1998, na hapo ndo nikavurugwa. Hakuna jenerali wa China, hakuna dunia kukaribia vita, hakuna kukimbizana na muda. Ni mama na mwanae na lugha basi. Na mtoto hafi kwa ugonjwa akiwa kigori kama kwenye muvi, anakufa ana miaka 25 kwa kuanguka akipanda mlima. Huo ndo moyo wa hadithi, maana ajali ya mlima mtu unaweza kumwambia mwanao "leo usiende", na mama anajua siku, na hasemi. Ugonjwa usio na dawa unamwondolea Louise lile swali. Villeneuve katulainishia.

Robo Tatu: Sikubaliani dada yangu. Ugonjwa ndo mbaya zaidi, swali linarudi nyuma kwenye kumzaa kabisa. Na ndo maana baba mtu anaondoka alipoambiwa.

Mkalimani Mchovu: Baba anaondoka kwenye muvi ndiyo. Kasome hadithi kwanza kaka halafu urudi hapa.

Robo Tatu: Nimeisoma.

Mkalimani Mchovu: Isome tena.

Nilijiponza: Ngoja niseme yangu, imenikaa rohoni tangu 2024 na sijawahi kuiandika popote. Kitabu cha Dune nilikisoma chuo, na kilichonibaki kichwani ni ule mwisho, Paul anamuoa Irulan, binti wa Kaizari, kwa ajili ya kiti tu, lakini anamwapia Chani kwamba huyo binti hatapata kwake mtoto wala mguso, na mama yake Paul anamfariji Chani kuwa wao wanaoitwa masuria, historia itawaita wake. Mimi niliona ni mapenzi makubwa sana yale.

Sasa wakati huo nilikuwa na mchumba, na nyumbani kuna jambo sikuwa nimemwambia. Mama alikuwa ananisukumia binti wa rafiki yake, baba wa yule binti ana ofisi yake na alishadokeza kwamba mkwe wake hawezi kukosa kazi, na mimi mwaka wa pili huo niko benchi. Sikukubali. Ila sikukataa. Nilishaonana na yule binti mara mbili, stori za hewa tu, naapa.

Mchumba wangu mambo ya sayari hayataki kabisa, nikambembeleza wiki nzima, nikamwambia hii ni ya mapenzi, mwisho wake mzuri, mimi nimesoma, Chani na Paul hawaachani. Nilisema kwa mdomo wangu huu. Tukaingia. Mwanzoni kila kitu kinaenda, wanafundishana kutembea mchangani, kale kabusu juu ya kilima, mwenzangu kanishika mkono anatabasamu, mi najaa kichwa namnong'oneza "wewe subiri mwisho". Mwisho ukaja. Jamaa anammaliza Feyd, anageuka, anamchukua binti wa Kaizari, watu wote chini magoti, Chani peke yake kasimama, hasemi neno, anatoka zake nje jangwani kungoja mnyoo. Majina yakaanza kupita. Mi mdomo wazi nasema hii siyo, kwenye kitabu haiko hivi.

Akaniuliza, kwenye kitabu ikoje?

Na mimi kwa upumbavu nikaanza kueleza, tena kwa furaha, kwamba Chani wa kitabu anaelewa, ile ndoa ni karatasi tu, mwanaume kuna wakati anabanwa na mambo ya ukoo lakini moyo unabaki palepale. Akanyamaza. Taa zimeshawaka, watu wanatupita. Halafu taratibu, bila hata kukunja uso, akaniuliza: "Na wewe karatasi yako inaitwa nani?"

Wakuu, mpaka leo sijui kama alikuwa anajua au alitupa jiwe gizani. Mimi nikataja jina. Nikataja jina la yule binti! Limetoka kabla sijajijua. Akachukua pochi yake akashuka ngazi, hakukimbia, hakulia, katembea vilevile kama yule Chani, na mi nimebaki kwenye kiti na zile ngoma za Zimmer, mtunzi wa muziki wa muvi, zinanipiga kifuani. Simu yangu hakupokea tena. Angefuata kitabu yule dairekta leo ningekuwa na ndoa.

Naweka Kambi: 😂😂😂😂 nimeamsha watu huku

Mdomo Koma: Chai hii. Tena haina hata tangawizi.

Kanda Imekwama: Chai isiwe chai, mwanangu UMETAJA JINA. Hujaulizwa mara mbili.

Robo Tatu: Kazi ulipata?

Nilijiponza: Sikupata. Na yule binti aliolewa mwaka jana, na mtu ambaye tayari alikuwa na kazi yake.

Mkalimani Mchovu: Pole mdogo wangu, ila Villeneuve hajakukosea kitu. Herbert aliandika Paul awe onyo, watu wakasoma wakamfanya shujaa, na Villeneuve mwenyewe amesema ndo sababu akambadilisha Chani, ili kuwe na mtu mmoja pale ndani anayeona tunachotakiwa kuona. Chani wa kitabu anameza tu. Wewe ulikuwa unamtafuta wa kumeza.

Nilijiponza: Dah. Sawa dada.

Panya wa Jangwani: Ushauri wangu, mpigie. Mwambie ulikuwa mjinga, usimtaje Herbert hata kidogo.

Robo Tatu: Usimpige simu, mwandikie. Kwenye simu utataja jina lingine.

Kanda Imekwama: Subiri ya tatu itoke umwalike mkaimalizie pamoja 😂

Mdomo Koma: Ya tatu inatoka kwenye Dune Messiah, atakayemwalika huko hana akili. Humo Irulan anamwekea Chani dawa ya kuzuia mimba kwenye chakula kwa siri miaka kibao, na Chani akija kuzaa ndo anakufa.

Naweka Kambi: We Mdomo Koma!!! Si useme spoila kwanza? Wengine tulikuwa tunaisubiri muvi na roho safi.

Mdomo Koma: Kitabu cha 1969. Ulikuwa unasubiri nini tangu 1969.

Naweka Kambi: Sikuwa nimezaliwa!

Ukurasa wa Mwisho: Na baada ya alivyoimaliza ya pili, nani amekuambia atafuata kitabu? Chani keshaondoka zake. Hiyo yako siyo spoila, ni kubashiri.

Mdomo Koma: Basi na wewe ulivyoenda ukumbini "unajua kila kitu" ulikuwa unabashiri.

Ukurasa wa Mwisho: Ndiyo maana nikafungua huu uzi bwana.

Panya wa Jangwani: Hakuna anayemlilia Thufir Hawat, yule Mentat, mtu-kompyuta wa ukoo wa Paul? Muigizaji kapigwa picha kabisa kwa ajili ya ya pili, akakatwa vipande vyote. Mzee mzima wa hesabu anapotea bila hata kuagwa. Villeneuve aliamua hadithi yake ni ya wale wamama wa Bene Gesserit, kile chama cha siri cha wanawake, Mentat wakae pembeni.

Robo Tatu: Mentat kazi yao kuongea, na jamaa alishasema hapendi maongezi kwenye filamu, anataka picha na sauti. Halafu muvi yake bora kuliko zote ni ya mwalimu wa lugha, sijui mnanielewa.

Mkalimani Mchovu: Hapo kwa mara ya kwanza tumekubaliana.

Usingizi Mwepesi: Samahani nimechelewa. Mimi yangu ni Blade Runner 2049, nimeijaribu mara nne, nne zote nalala. Siyo mbaya, inapendeza mno, ile rangi ya chungwa ya lile jiji lililokufa ndo inanibembeleza. Nasikia mpiga picha Deakins aliteuliwa Oscar mara 13 akitoka mikono mitupu, ya 14 kwa hiyo kazi ndo akapata, na mimi naunga mkono, ila jamani dakika 163 mtu anatembea. Mara zote naamka Harrison Ford ameshafika na sijui katokea wapi. Ile ya kwanza ya 1982 niliimaliza. Naomba tu mtu aniambie, K, yule mpelelezi, ndo yule mtoto anayetafutwa au siyo yeye?

Mdomo Koma: Siyo yeye. Rudi kalale.

Naweka Kambi: MDOMO KOMA!!!