Nimeuziwa injini ya 3L kwa bei ya 5L, na muuzaji ananijibu kwamba mali ikishauzwa hairudishwi

Ndugu zangu wenye magari ya kazi, naandika nikiwa na hasira, lakini nitaeleza jambo hili tangu mwanzo ili yeyote anayejiandaa kununua injini ya mtumba hapa Dar es Salaam ajue cha kukagua kabla hajatoa fedha yake.

Nina pikapu aina ya Toyota Hilux LN85 ambayo kwa miaka tisa imekuwa ikibeba ndizi kutoka soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo, kwenda Mbezi. Bodi ni nzima na chesisi haina kutu. Injini yake ya 2L (hilo ni jina la aina ya injini, si lita), yenye cc 2,446, ndiyo iliyokuwa imechoka, kiasi kwamba tukishavuka Ubungo na kuanza kupanda Kimara tukiwa na mzigo, kila gari lilikuwa linatupita. Fundi wangu alinishauri nitafute 5L iliyotolewa kwenye gari lililokatwa, yenye cc 2,986, kwa kuwa 2L, 3L na 5L ni za ukoo mmoja: gia boksi ile ile inaipokea, na pampu ya dizeli haihitaji kompyuta. Wapo walionishawishi nifunge 1KZ-TE yenye turbo. Nilikataa, kwani pampu yake inaongozwa na kompyuta, na ukiletewa injini hiyo bila kompyuta na waya zake umenunua chuma cha kupima kwa kilo.

Katika duka moja la spea upande wa Gerezani nilionyeshwa injini iliyopakwa rangi ya fedha, ikang'aa kama sufuria mpya. Waliiwasha pale pale sakafuni kwa betri, bila maji, kwa muda usiofika dakika moja, kisha wakaizima. Nililipa shilingi milioni 4 na laki 2. Nilipoomba risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, niliambiwa mashine ni mbovu, nikaandikiwa kwa mkono kwenye karatasi maneno haya: «Injini 5L, used, Japani». Nakiri kwamba hapo ndipo nilipopaswa kuondoka.

Kabla ya kuifunga, fundi alisema ni busara kubadilisha gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku na hedi, nami nikanunua mpya ya 5L. Hedi ikafunguliwa. Fundi akailaza gasketi juu ya bloku, akanyamaza, akaniita niinamie nione mwenyewe: matundu ya gasketi yalikuwa mapana kuliko silinda, na kuzunguka kila silinda kulibaki ukingo mwembamba wa chuma ambao haukupaswa kuonekana. Alichukua kalipa akapima silinda ya kwanza, ikasoma milimita 96. Silinda ya 5L ina kipenyo cha milimita 99.5, hiyo 96 ni ya 3L, yenye cc 2,779. Tukasugua ubavu wa bloku kwa brashi ya waya na petroli, na chini ya rangi ile nene, iliyopakwa juu ya grisi, ikajitokeza tarakimu ya 3. Silinda ya tatu ina mchubuko mrefu ambao ukipitisha ukucha unanasa, kwa hiyo hata kwa kuhesabiwa kuwa 3L haikuwa nzima.

Nilirudi dukani na gasketi, picha na fundi wangu. Kijana aliyeniuzia, ambaye siku ya malipo alikuwa akiniita «mzee wangu» kila baada ya sentensi, alinionyesha kibao ukutani kinachosema mali ikishauzwa hairudishwi, akaongeza kwamba mtumba ni bahati. Hapana. Bahati ni injini kudumu mwaka mmoja au mitano. Kuandika 5L juu ya 3L ni uongo, na kibao hakiwezi kuuhalalisha. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Ile karatasi ya mkono, waliyonipa ili kukwepa risiti, ndiyo iliyobeba maelezo hayo kwa mwandiko wao wenyewe.

Sina ugomvi na mtumba. Springi, difu na rejeta za pikapu hii zote nilizinunua zikiwa zimetumika, na wauzaji waliniambia kasoro zake kabla sijauliza. Ninachodai ni milioni 4 na laki 2 pamoja na gharama ya usafiri na ya fundi, na malalamiko yangu nayapeleka Tume ya Ushindani wiki hii. Injini imefunikwa turubai gereji, hedi ikiwa pembeni. Wapo walionishauri niifunge tena, niipake rangi na kumuuzia mwingine. Sitafanya hivyo. Aliyewahi kurudishiwa fedha katika shauri kama hili anieleze alianzia wapi na alipeleka vielelezo gani.