Yule wa saiba pale steji amenigeuzia skrini mtaa mzima ukaona

MwanaWaUmoja:
Jina simtaji, mnamjua. Yule wa kofia ya sufu hata jua likiwaka, anayekula njugu juu ya kibodi.

Nimetoka kwake sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Nilienda kuomba kozi ya chuo, foleni ina watu elfu mbili (sawa, tisa). Nina B ya kidato cha nne. B! Mama alichinja kuku wawili. Nikamwambia aniwekee udaktari, chaguo la kwanza. Akatazama gredi zangu, akatema ganda, AKAGEUZA SKRINI watu waone, akasema kwa sauti ya makanga: "Kemia C+? Wewe hata Jik na maji usichanganye."

Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, na maji! Mama mboga akaangusha fungu la sukuma kwa kucheka. Katoto kalikuja kuchapishiwa ramani ya Kenya, nako kakacheka. Kemia kanaijua?

Kisha akanitoza shilingi 100. Ya kunitukana!

JogooLaMtaa:
Lakini si ni kweli? Udaktari unataka angalau B ya Kemia, B ya Bayolojia. Hata angenyamaza, mfumo ungekutema.

MwanaWaUmoja:
Sijauliza masharti. Nimeuliza skrini ilimkosea nini akaigeuza.

MwalimuMstaafu:
Kijana, hata hiyo B ya jumla haitoshi. Klasta, hizo alama za kugombania kozi, ni masomo manne ya kozi, pointi 48, halafu yanachanganywa na jumla yako ya masomo saba kati ya 84. C+ inakuruhusu kuomba digrii, basi. Nafasi mnagombania, na wenye A wako mbele yako kwenye foleni.

MwanaWaUmoja:
Mwalimu shikamoo, lakini foleni niliyoaibishwa ilikuwa ya saiba.

BintiKayole:
Wewe una B na unalia? Mimi nilipata C. Huyo huyo akaniambia, "Dada, diploma ziko huko chini," akateremsha ukurasa polepole kama anashusha jeneza.

ShemejiWaPloti:
Jik na maji 😂😂😂 Kuku wamerudishwa?

HasiraMbili:
Afadhali nyinyi. Mimi juzi kanichapishia kurasa tatu, shilingi 20 kila moja, na moja ilikuwa tupu. Nikiuliza, ati mashine imeihesabu.

BintiKayole:
Hiyo ya karatasi tupu hata mimi!!

JogooLaMtaa:
Si muende ile saiba ya ghorofani?

HasiraMbili:
Ghorofani hakuna stima tangu Jumatatu. Keateka, msimamizi wa jengo, anasema tokeni zimeisha, na pesa tulimpa.

MwanaWaUmoja:
Jamani, skrini.

ShemejiWaPloti:
Keateka gani, yule wa kufunga maji saa kumi na mbili asubuhi ukiwa na sabuni usoni?

HasiraMbili:
Huyo huyo. Ngoja nimfungulie uzi wake.

BintiKayole:
Fungua haraka. Risiti za maji ninazo, tangu Januari.