Alama ya asali yetu imesajiliwa, lebo imeigwa, na kila ofisi inasema mlango ni wa jirani

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kikundi chetu cha wafugaji nyuki hapa Sikonge, mkoani Tabora, kinauza asali ya miombo kwa alama ya biashara iliyosajiliwa. Maombi yalitangazwa kama sheria inavyotaka, zikapita siku 60 za pingamizi bila mtu yeyote kujitokeza, na cheti tunacho. Sasa mfanyabiashara mmoja amechapisha lebo inayofanana na yetu kwa rangi, kwa mchoro wa mzinga na hata kwa mpangilio wa maneno, akaibandika kwenye chupa zenye kitu ambacho mrina asali yeyote akikilamba atakwambia ni sukari iliyochemshwa. Tumelalamika kwa maandishi, tukaambatisha cheti na picha. Ofisi tulizoziendea zimetupokea kwa adabu, zikatuelekeza kwingine, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba kila moja, ukisoma sheria yake, ilikuwa na hoja.

Tazameni jinsi chupa moja ya asali inavyokatwa vipande. Jina na nembo viko chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986, inayosimamiwa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Mchoro wa mzinga, kwa kuwa ni kazi ya sanaa, unaangukia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ambayo ni ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Chupa ikishakuwa sokoni na lebo ya kuiga inakuwa bidhaa bandia, nayo hiyo ni ya Tume ya Ushindani kupitia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Kilichomo ndani ya chupa ni cha TBS, shirika la viwango, ambalo tangu 2019 limebeba na usalama wa chakula uliokuwa kwa TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Zaidi ya hayo, COSOTA ilihamishwa mwaka 2020 kutoka wizara ya viwanda na biashara kwenda wizara inayoshughulikia sanaa, kwa hiyo hata waziri wa kumlilia si mmoja. (Aliyezalisha mbegu mpya naye asitucheke: haki zake ziko wizara ya kilimo, kwa sheria ya 2012.) Mwizi wetu aliiba kitu kimoja kwa siku moja. Sisi ndio tunaotakiwa kuugawa wizi wake kwa mujibu wa sura za sheria kabla hatujasikilizwa.

Tatizo si uvivu wa watumishi, na naomba uzi huu usigeuzwe kuwa wa kuwatukana. Tatizo ni namna taasisi hizi zilivyoundwa. BRELA ilizaliwa mwaka 1999 chini ya Sheria ya Wakala za Serikali, kwa msingi wa kutoa huduma na kutoza ada. Kusajili kunaleta ada. Alama inasajiliwa kwa miaka 7, kisha inahuishwa kila baada ya miaka 10, na kila hatua ina malipo yake. Kumlinda aliyesajili hakuleti chochote, kunakula bajeti. Ndiyo maana usajili umeboreshwa kweli kweli, na tangu mfumo wa mtandao uanze mwaka 2018 mtu wa Kaliua au Urambo hahitaji kupanda treni hadi Dar es Salaam kwa ajili ya karatasi. Hilo nalisifu bila kinyongo. Lakini ulinzi umeachwa kama ulivyokuwa, kana kwamba cheti chenyewe kitatoka kabatini kwenda kumkamata mtu gulioni.

Utaambiwa nenda mahakamani, kwani alama ya biashara ni mali binafsi na mwenye mali ndiye anayeishtakia. Sawa. Mahakama Kuu ipo Tabora. Niambieni basi ni kikundi gani kinachouza asali kwa madumu kitakachomlipa wakili wa kuendesha shauri la alama za biashara Mahakama Kuu, huku bidhaa inayoshtakiwa ikiendelea kuuzwa kwa nusu ya bei yetu na mteja akiamini kwamba sisi ndio tuliomlisha sukari. Mkataba wa TRIPS wenyewe, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za mali bunifu, ambao watetezi wa mfumo huu hupenda kuutaja, unasema katika Ibara ya 41 kwamba taratibu za kulinda haki hizi zisiwe na ugumu wala gharama zisizo za lazima. Nchi zenye maendeleo duni, nasi tumo, zimeongezewa muda wa kuutekeleza mkataba huo hadi tarehe 1 Julai 2034. Hakuna aliyetulazimisha kuwa na utaratibu wa aina hii. Tumeuchora wenyewe.

Halafu kuna jina la Tabora. Asali hii inafahamika kwa mkoa wake kuliko kwa alama ya mtu yeyote, kama mawese na dagaa wanavyofahamika kwa Kigoma. Ladha yake inatokana na maua ya miombo, na sifa yake imejengwa na watu waliotundika mizinga ya magome tangu kabla ya sheria zote nilizozitaja. Zanzibar iliweka kinga ya viashiria vya kijiografia, yaani majina ya bidhaa zinazojulikana kwa mahali zinakotoka, katika sheria yake ya mali za viwandani ya 2008. Uganda ilitunga sheria kamili ya jambo hilo mwaka 2013. Huku Bara mtu anaweza kuchemsha sukari popote anapotaka, akaandika "Asali Halisi ya Tabora", na hakuna rejesta yenye orodha ya wanaostahili kulitumia jina hilo ambayo afisa angeifungua na kumwambia wewe humo. Na tukitaka kuuza Unguja, cheti chetu cha Bara hakivuki bahari: kule tunaanza upya kwa msajili wao.

Najua wapo watakaosema dawa ni kuziunganisha ofisi zote. Mimi siamini kwamba inatosha. Uganda wanazo hakimiliki, alama za biashara na hataza (haki za uvumbuzi) chini ya ofisi moja ya usajili, URSB, na ni nafuu kwa msajili na msajiliwa. Kenya wana taasisi tatu, KIPI ya mali za viwandani, KECOBO ya hakimiliki na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, na mjadala wa kuziunganisha umechukua miaka. Jengo moja lenye madawati manne yasiyosomeana majalada litatuzungusha vilevile, ila ndani ya korido moja. Ninachokitaka ni kidogo kuliko hicho na, kwa maoni yangu, kigumu zaidi kukikwepa: ofisi ya kwanza inayopokea lalamiko lenye cheti ilazimike kulihamisha yenyewe kwa inayohusika, impe mlalamikaji namba ya jalada, na ijibu kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa na kanuni. Mkaguzi wa TBS anayeshika chupa ya sukari aweze palepale kuangalia kwenye rejesta ya BRELA nembo ni ya nani. Na afisa biashara wa halmashauri, ambaye ndiye serikali pekee tunayoiona kila wiki, apewe mamlaka ya kuzuia mzigo kwa muda wakati wakubwa wakiulizana.

Naomba wanasheria mliomo humu mnijibu jambo moja, bila kunituma ofisi nyingine: je, kuna kifungu chochote kinachoizuia ofisi ya umma kulipeleka lalamiko letu kwa ofisi mwenzake, au ni mazoea tu? Kama kipo, kiandikeni hapa na namba yake. Kama hakipo, nitaiprinti michango yenu na kuiambatisha kwenye barua tunayoiandika kwa mbunge wetu.